Kuanguka kwanza, kutupa baadaye: Judo na jujitsu ya Brazili

Wazazi wengi wa huku kwetu pwani, wakisikia mtoto amejiunga na chama cha kupigana, huingiwa na khofu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto atarudi nyumbani kavunjika. Ya pili, nayo ni kubwa zaidi, ni kwamba atakwenda kuwavunja watoto wa wenzao. Khofu zote mbili zina haki yake, wala makala haya hayakuandikwa ili kuzicheka. Yameandikwa kwa sababu vijana wetu, wa kiume na wa kike, watajifunza mapigano tutake tusitake. Wasipojifunza kwa mwalimu, watajifunza kwenye simu zao, na simu haina jicho la kuona kijana anapokosea. Basi ni kheri mzazi akijue anachokiridhia na anachokikataza.

Rika langu tulilelewa na sinema za Bruce Lee. Tangu "Enter the Dragon" ya mwaka 1973, mtu akitajiwa mapigano ya Mashariki ya Mbali huona mbele ya macho yake teke la kichwa na ngumi ya kifua. Lakini iko michezo miwili, mashuhuri ulimwenguni kote, isiyo na teke wala ngumi. Mmoja ni judo ya Kijapani. Wa pili ni jujitsu ya Brazili. Watu huichanganya, na si ajabu, maana mavazi yake yanafanana kama pacha: koti zito, suruali pana na mshipi kiunoni. Nimekaa kando ya mikeka ya michezo yote miwili saa nyingi, na ninalotaka kulieleza leo ni pale inapoachana, na kwa nini kuachana huko kuna maana kwa mzazi wa Kiislamu anayetaka kumchagulia mwanawe.

MIELEKA SI MIGENI KWETU

Waama, michezo yote miwili ni mieleka. Na mieleka si jambo geni katika dini yetu. Waliosoma sira wanakumbuka habari ya Rukana, mpiga mieleka wa Makka aliyekuwa hashindiki, na namna Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomwangusha. Hadithi hiyo imo katika Abu Daud na Tirmidhi, ingawa Tirmidhi mwenyewe ameitia dosari isnadi yake. Iko pia ile habari ya kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, ambapo kijana Rafi bin Khadij aliruhusiwa kwenda vitani kwa kuwa alijua kutupa mishale. Mwenziwe Samura bin Jundub, aliyekuwa amekataliwa kwa udogo wa umri, akalalamika kwamba yeye humwangusha Rafi kwenye mieleka. Wakashindanishwa, Samura akamwangusha mwenziwe, naye akaruhusiwa.

Zaidi ya hayo, tumefunzwa vyuoni kwamba kumpiga mtu usoni kumekatazwa. Ndiyo maana baadhi ya masheikh hawana raha na ndondi, ambayo shabaha yake kubwa ni uso na kichwa. Judo na jujitsu hazina tatizo hilo. Mchezaji hushika nguo, mkono, shingo au mguu, hapigi. Huku kwetu nako hatukukosa michezo ya ushujaa. Kirumbizi cha Lamu ni fimbo na ngoma, na mchezaji mzuri husifiwa kwa ustadi wa kukinga kuliko kwa kuumiza. Mtu aliyezoea kuutazama kirumbizi hatapata taabu kuielewa judo.

BABA MMOJA, WANA WAWILI

Baba wa habari hii ni Jigoro Kano, aliyezaliwa Japani mwaka 1860. Alikuwa kijana mdogo wa umbo, msomi, na aliyechoka kuonewa na wenye nguvu. Akaenda kwa waalimu wa jujitsu ya kale, yale mapigano ya mikono mitupu yaliyoachwa na mashujaa wa zamani wa Japani, akachukua kwao yaliyomfaa na kuyaacha ya hatari. Mwaka 1882, akiwa bado kijana wa miaka 21, alifungua chuo chake mjini Tokyo katika chumba cha hekalu la Kibudha. Mikeka ilikuwa 12 na wanafunzi walikuwa 9. Chuo akakiita Kodokan, na mchezo wake akauita judo, maana yake njia ya ulaini.

Neno hilo "njia" ndilo lililomtenga Kano na waliomtangulia. Wao walifundisha namna ya kumshinda adui. Yeye alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi yake, na alitaka mchezo uwe malezi. Aliweka misingi miwili: kutumia nguvu kwa njia yenye manufaa makubwa kabisa, na kunufaishana wewe na mwenzio. Mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifariki mwaka 1938 akiwa melini, akirudi kwao kutoka mkutano wa kamati hiyo mjini Cairo. Hakuiona judo ikiingia katika Olimpiki. Iliingia Tokyo mwaka 1964, na wanawake wakapewa nafasi ya medali mwaka 1992.

Mmoja wa watu wa Kodokan alikuwa Mitsuyo Maeda. Alitoka Japani mwaka 1904, akazunguka Marekani na Ulaya akipambana na wapiga mieleka na mabondia kwa malipo, na mwaka 1914 akafika Brazili. Akaweka makazi Belém, mji wa bandari ulio kwenye mlango wa mto Amazon. Huko, kwa mujibu wa simulizi mashuhuri, alimfundisha kijana mmoja aitwaye Carlos Gracie, ambaye baba yake alikuwa amemsaidia Maeda katika mambo yake. Siku zile watu wa nje walikuwa bado wanaiita judo ya Kano kwa jina la zamani la jujitsu, na jina hilo ndilo lililobaki Brazili hadi leo. Carlos na nduguze wakafungua chuo chao Rio de Janeiro mwaka 1925.

Ndugu mdogo, Helio, aliyezaliwa mwaka 1913, alikuwa dhaifu wa mwili. Ukoo wao husimulia kwamba mitupo mingi ilimshinda, kwa hiyo akaelekeza akili yake kwenye mapambano ya chini, mahali ambapo mtu mwepesi aweza kungojea, kukinga na kumchosha mzito. Hapo ndipo mtoto wa pili alipozaliwa. Judo iliendelea kusimama. Jujitsu ya Brazili ikalala chini ikafanya makazi huko.

Wana hawa wawili walikutana uso kwa uso tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio. Masahiko Kimura, bingwa mkubwa wa judo, alipambana na Helio. Katika duru ya pili Kimura aliukamata mkono wa Helio na kuusokota nyuma. Helio hakukubali kusalimu amri hata mkono ulipovunjika, mpaka kaka yake Carlos akatupa taulo. Wabrazili hawakuona haya kwa kushindwa kule. Msokoto ule wakauchukua, wakaufundisha vyuoni mwao, na mpaka leo wanauita "kimura", kwa jina la aliyewashinda. Katika mambo ya Wabrazili hao, hili ndilo linalonipendeza kuliko yote.

MWENYE KUMI NA MWENYE SABA

Kano alikuwa na mfano wake wa kueleza judo. Tuseme mtu ana nguvu kumi, nami nina saba. Akinisukuma, nami nikamsukuma, nitashindwa tu, hata nikitumia nguvu zangu zote. Lakini akinisukuma nami nikarudi nyuma kwa kadiri ile ile aliyosukuma, huku nikilinda mizani yangu, yeye ataelemea mbele na mizani yake itapotea. Wakati ule wa kuelemea, nguvu zake kumi hazimfai. Pengine zimebaki tatu. Mimi na saba zangu ndio mkubwa. Baharia yeyote wa jahazi angemwelewa Kano bila ya mkalimani. Chombo hakishindani na kusi, hugeuza tanga.

Basi kazi ya mchezaji wa judo ni kuitafuta nukta ile ya kuelemea. Hushika ukosi na mkono wa koti la mwenziwe, humvuta, humzungusha, kisha humpiga mtama, au humpakia mgongoni na kumpindua. Kodokan yatambua mitupo 68, na mbinu za chini 32, jumla 100. Anayemtupa mwenziwe kwa nguvu, kasi na utawala mpaka akaanguka chali, ameshinda hapo hapo. Ushindi huo kamili huitwa iponi. Vile vile aweza kushinda kwa kumbana chini kwa sekunde 20, au kwa kumkaba shingo au kumkaza kiwiko mpaka asalimu amri. Lakini mwamuzi hana subira na walio chini. Akiona hakuna kinachoendelea, huwasimamisha waanze upya. Pambano lote ni dakika 4 tu, na mara nyingi halifiki huko.

Kanuni hizo zimeufanya mchezo kuwa wa kusimama wima, wa mshiko wa nguvu na mshtuko. Tangu miaka ya 2010 na 2013 kushika miguu kwa mikono kumepigwa marufuku mashindanoni, na wapo wazee wa judo waliolalamika kwamba mchezo umepunguzwa ujuzi. Hata hivyo, mitupo iliyobaki inatosha kumshughulisha mtu umri mzima.

CHINI NI BAHARI NYINGINE

Jujitsu ya Brazili yaanzia pale judo inapochoka. Kumwangusha mwenzio huku ni alama 2 tu. Kuipita miguu yake na kufika ubavuni ni alama 3. Kumkalia tumboni kama mpanda punda, au kumdandia mgongoni na kumfunga kwa miguu, ni alama 4. Na alama zote hizo si kitu iwapo mwenzio atakukaba au kukukaza kiungo ukasalimu amri, kwani hapo mchezo umekwisha. Viungo vinavyoruhusiwa kukazwa ni vingi kuliko vya judo: kiwiko, bega, kifundo cha mkono, hata mguu, kwa kadiri ya daraja la mchezaji. Dakika nazo hupanda na mshipi. Wenye mshipi mweupe hupambana dakika 5, na wenye mweusi dakika 10.

Jambo linalomshangaza mtazamaji mgeni ni kwamba mtu aliyelala chali hajashindwa. Amemzingira mwenziwe kwa miguu yake, na kutoka hapo aweza kumpindua au kumkaba. Ukitazama bila ya kuelewa utadhani watu wawili wamechoka wamelala. Kumbe wanacheza bao. Mchezaji bao mzuri hakimbilii kula. Hutengeneza mtaji kwanza, akamwacha mwenziwe ajione salama. Jujitsu nayo ni hivyo: kwanza mahali, kisha utawala, mwisho ndipo kabali. Kijana mwenye haraka hutaabika sana katika mchezo huu, na taabu hiyo yenyewe ndiyo somo.

Ulimwengu uliijua jujitsu hii tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani. Royce Gracie, mwana wa Helio, mtu wa wastani asiyetisha kwa umbo, aliwashinda wapinzani watatu kwa usiku mmoja katika mashindano ya kwanza ya UFC, akiwamo bondia na mpiga mateke. Tangu siku ile hakuna mpiganaji wa ulingo wa namna hiyo anayethubutu kuingia bila ya kujua mambo ya chini. Hata Khabib Nurmagomedov, Mwislamu wa Dagestan ambaye vijana wetu wanamwimba, aliyestaafu mwaka 2020 bila ya kushindwa katika mapambano 29, hakuwashinda watu kwa ngumi kwanza. Alilelewa katika mieleka, sambo na judo, akiwaangusha chini na kuwanyima nafasi ya kuinuka.

Tofauti nyingine ni ya muda. Mwanafunzi mwenye bidii aweza kupata mshipi mweusi wa judo kwa miaka michache. Wa jujitsu ya Brazili aghalabu hungoja miaka 10, akipitia mweupe, buluu, zambarau na kahawia. Lakini mshipi mweusi wa judo ni mwanzo wa elimu, si mwisho wake. Wajapani huuhesabu kuwa daraja ya kwanza.

MAAFA YA JAPANI

Sasa turudi kwenye khofu ya mzazi. Je, mtoto atavunjika? Jibu la haki ni kwamba inategemea mwalimu, na ushahidi wake unatoka Japani kwenyewe, nyumbani kwa judo.

Tangu mwaka 1983 hadi mwanzo wa miaka ya 2010, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa katika judo ya shule za Japani. Wengi wao waliumia kichwa, na wengi walikuwa wanafunzi wapya ambao walitupwa kwa nguvu kabla ya kujua kuanguka. Waalimu wengine waliona kwamba ukali ni sehemu ya malezi, na kijana akilalamika kuumwa na kichwa aliambiwa avumilie. Mwaka 2010 wazazi wa waliofariki na waliolemaa waliungana wakadai haki, na shirikisho la judo likalazimika kubadili mafunzo yake. Mwaka 2022 Wajapani walikwenda mbele zaidi, wakaufuta mchuano wa taifa wa watoto wa shule za msingi, kwa kuwa hamu ya ushindi ilikuwa inawadhuru watoto.

Linganisha na Ufaransa. Huko judo ni mchezo wa watoto wa kila mtaa, na wanachama wake wamepindukia 500,000. Lakini tangu mwaka 1955 sheria ya Ufaransa yamtaka mwalimu wa judo awe na cheti cha serikali. Mchezo ni ule ule. Waalimu ndio waliotofautiana.

Ndiyo maana somo la kwanza la judo, kwa mwalimu anayejua kazi yake, si kutupa. Ni kuanguka. Mtoto hufunzwa kukunja shingo, kidevu kikagusa kifua, na kuupiga mkeka kwa mkono ili mshindo usiende kichwani. Hufunzwa kuanguka nyuma, ubavuni na mbele, mara mia na mara mia tena, kabla ya mtu kumgusa. Elimu hii haiishii kwenye mkeka. Nimewaona vijana waliojifunza judo wakiteleza kwenye sakafu yenye maji au wakianguka na baiskeli, wakainuka wakijipangusa vumbi. Nadhani katika yote ambayo judo humpa mtoto, hili ndilo atakalolitumia mara nyingi zaidi.

Jujitsu ina maporomoko machache, na kwa hiyo kichwa hupata salama zaidi. Lakini ina maumivu yake: vidole, shingo, magoti, na masikio yanayovimba kwa kusuguliwa. Kwa kuwa watu hulaliana ngozi kwa ngozi, choa na maradhi mengine ya ngozi husambaa upesi palipo na uchafu. Kucha zikatwe, nguo zifuliwe kila baada ya mazoezi, mikeka ioshwe. Haya si mageni kwa umma ambao tohara ndiyo ufunguo wa sala yake.

Somo la kwanza la jujitsu, nalo, ni kusalimu amri. Ukikabwa au ukikazwa kiungo, unampiga mwenzio kwa kiganja mara mbili au tatu, naye huachia papo hapo. Asipoachia, aliyekabwa shingo huzimia kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo kila zoezi ni amana: mwenzio amekukabidhi shingo yake, nawe umemkabidhi mkono wako. Kijana asiyejua kuachia hafai, hata awe na ustadi gani, na mwalimu mwema humfukuza mapema. Wale waporaji wa mjini wanaowapiga watu ngeta gizani wanakaba shingo ile ile. Linalomtenga mchezaji na mporaji ni kule kuachia.

KUINAMA NA KUJISITIRI

Hapa twafika kwenye jambo ambalo wazazi wengi huliuliza kwa sauti ya chini. Judo ina desturi ya kuinama. Mchezaji huinamia mkeka, huinamia mwalimu, huinamia mwenziwe, na katika vyuo vingi pia huinamia picha ya Kano iliyotundikwa ukutani. Kuna kuinama kwa kusimama, na kuna kuinama kwa kupiga magoti huku viganja vikigusa chini. Mwislamu akiona hivyo, moyo wake humkumbusha rukuu na sujudi, ambazo ni za Mwenyezi Mungu peke yake.

Wajapani husema kwamba hiyo ni salamu tu, mfano wa sisi kupeana mkono. Miongoni mwa wanazuoni wako wanaokataza kuinama kwa namna inayofanana na rukuu kwa nia yoyote ile, na wako wanaotazama nia na kadiri ya kuinama. Mimi sijitwishi kilemba cha mufti. Ninachosema ni kwamba mzazi amuulize sheikh wake kabla ya kulipa ada, kisha amuulize mwalimu wa judo. Katika mazoezi waalimu wengi hukubali mwanafunzi aweke mkono kifuani au ainamishe kichwa kidogo. Katika mashindano makubwa ya judo, hata hivyo, kuinamiana ni kanuni, na kijana anayeota Olimpiki hana budi kulijua hilo tangu mapema. Katika jujitsu ya Brazili desturi hii imelegea sana. Vyuo vingi hupeana mkono, kisha hugonganisha ngumi, basi.

Ama kuhusu sitara, koti na suruali za michezo yote miwili humfunika mwanamume kutoka kitovu hadi chini ya magoti. Wanawake wa judo huvaa fulana nyeupe ndani ya koti. Suala la kichwa lilijadiliwa mbele ya dunia nzima katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Wojdan Shaherkani wa Saudia, binti wa miaka 16, aliambiwa kwanza kwamba hijabu ni hatari mahali ambapo watu hukabana shingo. Mwisho ikakubaliwa avae kifuniko kinachobana kichwa. Alishindwa kwa sekunde 82, lakini alikuwa katika wanawake wawili wa kwanza wa nchi yake kushiriki Olimpiki. Katika jujitsu, shirikisho kubwa la Wabrazili huwaruhusu wanawake kofia ya kitambaa isiyo na kamba wala kitu kigumu. Linalobaki ni kuchanganyika, na dawa yake yajulikana: darasa la wanawake na mwalimu mwanamke.

Si kwamba Waislamu ni wageni katika michezo hii. Abu Dhabi imekuwa mji mkubwa wa jujitsu. Sheikh Tahnoon bin Zayed aliijua akiwa masomoni Marekani, akaanzisha kwao mashindano yaliyofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, na mwaka 2008 jujitsu ikaingizwa katika shule za serikali. Zanzibar nako, Mjapani mmoja aliyehamia huko miaka ya 1980 alifundisha judo, akainua wachezaji wa kisiwani waliokwenda mashindanoni nje.

Lakini mfano niupendao zaidi ni wa Mmisri, Mohamed Ali Rashwan. Mwaka 1984, katika Olimpiki ya Los Angeles, alifika fainali dhidi ya Yasuhiro Yamashita wa Japani, ambaye hakuwa ameshindwa tangu mwaka 1977. Siku hiyo Yamashita alikuwa ameumia mguu wa kulia katika pambano la awali, na kila mtu alimwona akichechemea. Rashwan akashindwa kwa kubanwa chini. Alipoulizwa kwa nini hakuufanya mguu ule kuwa shabaha, alieleza kwamba kushinda kwa njia ile kungekuwa kinyume cha misingi yake. Wako wabishi waliorudia kuitazama filamu ya pambano wakihesabu ni mguu upi ulioguswa. Hata hivyo, alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya uungwana michezoni, na Wajapani wamemheshimu mpaka leo.

BASI TUCHAGUE LIPI?

Mzee mmoja jirani yangu, baada ya kunisikiliza nikieleza yote haya barazani, alinikatiza.

"Haya bwana, umesema sana. Mjukuu wangu nimtie wapi?"

"Kwanza, mzee wangu, nambie ana umri gani, na mwalimu ni nani."

Hilo ndilo jibu langu kwa kila mzazi. Mtoto wa miaka 7 au 10, mimi ningempeleka judo, kwa ajili ya kuanguka, kwa ajili ya mizani ya mwili, na kwa kuwa mlango wa Olimpiki uko wazi kwake, ilhali jujitsu ya Brazili haijaingia huko. Mtu mzima wa miaka 35 mwenye tumbo na shughuli za duka, aende jujitsu. Mwili wake hautazoea upesi kutupwa chini, bali chini kwenyewe aweza kujifunza kwa utaratibu wake hata akazeeka nao. Binti anayetaka kujihami, jujitsu itamfunza asichanganyikiwe mtu mzito akimlalia, na hiyo ndiyo hali inayowatisha wanawake zaidi. Kijana mwenye mori wa mashindano aanze na judo, kisha aongeze jujitsu. Waliofanya hivyo wamefaidi pande zote mbili.

Ama mambo ya njiani, mtu asidanganyike. Kulala chini na mtu mmoja huku wenziwe wawili wamesimama na mawe ni kujitafutia mauti. Huko judo ina ubora, kwa kuwa humwacha mtu wima. Lakini mbele ya kisu au panga, ujuzi bora kuliko wote ni wa miguu inayokimbia, na mwalimu asemaye vinginevyo asipewe mtoto wa mtu.

Mwalimu mwema utamjua kwa ishara chache. Hufundisha kuanguka kabla ya kutupa. Humsimamisha mara moja mtoto aliyegonga kichwa, akampeleka kwa daktari, wala hamrudishi mkekani siku hiyo. Hawapambanishi wazito na wepesi kwa ajili ya kuchekesha watu. Na saa ya sala ikifika, haoni taabu kusimamisha mazoezi. Mzazi akae kando siku tatu atazame, asitosheke na picha za vikombe ukutani.

Mtume alitufunza kwamba mwenye nguvu hasa si yule awaangushaye watu, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapokasirika. Wengine huifasiri kauli hiyo kana kwamba yaidharau mieleka. Mimi naona mieleka iliyofundishwa vizuri ni mahali pa kuijaribu kauli hiyo kila siku, kwa kuwa humo kijana hukasirishwa, hubanwa, hushindwa mbele ya wenziwe, kisha hutakiwa kumpa mkono aliyemshinda. Nimeufunga mjadala huu kwa ubeti mmoja, niwaachie wazazi na vijana wao:

Kuanguka jua kwanza, ndipo ufunzwe kutupa,
Mkubwa akikuanza, usimjibu kwa pupa,
Hasira ukiifunza, nguvu hazitakutupa,
Kushinda ni kujitunza, si kuvunjana mifupa.